Mirambo: mtemi wa bunduki nyingi na baruti adimu

Huku Shishiyu na kwingineko mkoani Simiyu, neno gobore halihitaji maelezo. Babu anafariki, watoto wanagawana ng'ombe na mashamba, halafu mtu anakumbuka kuna bunduki ya zamani imechomekwa darini. Ina kutu. Hakuna anayejua kama imeshindiliwa. Ifanyweje?

Kabla ya kujibu, tumkumbuke jirani yetu wa Unyamwezi aliyejenga utawala wake kwa silaha za aina hiyo hiyo: Mtemi Mirambo.

Alizaliwa miaka ya 1840 hivi, akiitwa Mtyela Kasanda, katika familia ya watemi wa Uyowa, magharibi ya Tabora. Eneo hilo lilikuwa karibu na njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Pembe za ndovu zilikwenda pwani, na kutoka pwani zilikuja nguo, shanga, bunduki na baruti. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yakibadilisha silaha zao, na zile kuukuu zilisafirishwa hadi Zanzibar na kuuzwa bara.

Mirambo aliona nafasi hiyo. Alikusanya vijana wapiganaji, rugaruga, akawapa bunduki na kuunganisha himaya ndogo ndogo chini yake. Makao yake makuu yalikuwa Urambo.

Mwaka 1871 aligombana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora kuhusu ushuru na njia ya biashara. Henry Morton Stanley, aliyekuwa njiani kumtafuta David Livingstone, alijiunga na Waarabu. Wakaingia kwenye mtego wa Mirambo na kushindwa. Mwezi huo huo Mirambo aliishambulia Tabora yenyewe.

Tatizo lake likawa baruti. Sultani Barghash wa Zanzibar alipiga marufuku asiuziwe. Gobore bila baruti ni rungu tu, tena rungu zito. Ndiyo maana Mirambo alitafuta sana urafiki na wageni wa Ulaya ili apate njia nyingine ya kufika pwani. Mwaka 1876 alikutana na Stanley, safari hii wakachanjiana udugu.

Baruti ile nyeusi ilikuwa na adui aliye kila nyumba: unyevu. Hutengenezwa kwa shura, mkaa na salfa, na ikilowa haiwaki. Hata ikiwaka vizuri, huacha masizi yenye chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewani, na kutu huanza kula chuma upesi. Ndiyo maana bunduki za aina hiyo zilihitaji kusafishwa kwa maji baada ya kutumika, kukaushwa kabisa, kisha kupakwa mafuta. Iliyotelekezwa baada ya kufyatuliwa iliharibika kuliko iliyotumika kila siku na kutunzwa.

Lakini kutu si hatari pekee. Mwaka 1879 daktari mmisionari Mwingereza, Ebenezer Southon, alihamia Urambo na kuwa rafiki wa Mirambo. Mwaka 1882 bunduki ya mwenzake ilifyatuka kwa bahati mbaya na kumjeruhi mkono. Jeraha hilo likamuua. Daktari aliyeishi katikati ya nchi ya vita aliuawa na silaha ya rafiki.

Mirambo mwenyewe alifariki kwa ugonjwa mwezi Desemba mwaka 1884. Ndugu yake Mpandashalo alimrithi, lakini himaya haikudumu. Mwenye kuwashika rugaruga alikuwa ameondoka, bunduki zikabaki mikononi mwa watu.

Hapo ndipo tunarudi kwenye gobore la babu. Mwenyewe alijua lina nini ndani. Warithi hawajui. Baruti iliyokaa kavu ndani ya mtutu inaweza kulipuka hata baada ya miaka mingi sana, na mtutu uliolika kwa kutu unaweza kupasukia usoni mwa anayeufyatua. Usiijaribu, usiikune kutu, usiiweke karibu na jiko, na usiwaache watoto waishike.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kila silaha iwe na kibali. Kibali ni cha mtu, hakirithiwi pamoja na ng'ombe. Anza kwa kutoa taarifa kituo cha polisi au kwa mtendaji wa kijiji, uelekezwe namna ya kuikabidhi. Usiibebe njiani kabla ya kuelekezwa.

Na wewe mwenye kibali, silaha ikikaa muda mrefu iwe haina risasi, safi, kavu, imepakwa mafuta membamba, ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli. Usiiviringishe kwa nguo wala kuiacha kwenye mkoba wa ngozi, kwani hivyo hushika unyevu. Usiilaze sakafuni. Risasi zifungiwe mahali pengine. Masika yakianza na yakiisha, ikague.

Zaidi ya yote, familia yako ijue silaha ipo na nani wa kuarifiwa usipokuwepo. Mafuta huzuia kutu, lakini hayawezi kuwaambia watoto wako kilichomo ndani ya mtutu.