Charlotte Brontë na bweni lililowaua dada zake

Waliosoma fasihi ya Kiingereza wanamjua Charlotte Brontë kwa riwaya ya Jane Eyre. Sisi madaktari tuna sababu nyingine ya kumkumbuka.

Alizaliwa Aprili 21, 1816, kaskazini mwa Uingereza, binti wa mchungaji. Mama yao alifariki mwaka 1821, akaacha watoto sita. Mwaka 1824 baba aliwapeleka mabinti wanne kwenye shule ya bweni ya Cowan Bridge, iliyofunguliwa kwa ajili ya mabinti wa wachungaji wasio na uwezo. Charlotte alikuwa na miaka minane.

Chakula kilikuwa kibovu. Jumapili za baridi walitembea zaidi ya kilomita tatu hadi kanisani, wakashinda humo na miguu iliyolowa. Mwaka 1825 homa ikazuka, wasichana wengi wakalala kitandani. Maria, dada mkubwa, tayari alikuwa amerudishwa nyumbani na kifua kikuu. Alifariki Mei 6. Elizabeth akafuata Juni 15, akiwa na miaka 10. Charlotte na Emily waliondolewa shuleni siku chache kabla.

Njaa na baridi peke yake havileti kifua kikuu. Huletwa na bakteria, ambaye Robert Koch alimtambua mwaka 1882, naye husafiri kwa hewa ya chumba kilichojaa watu na kufungwa madirisha. Lakini mtoto asiyeshiba hushindwa kumzuia. Ndiyo maana mzazi anayekagua bweni, kabla ya kuuliza matokeo ya mitihani, aangalie madirisha, nafasi kati ya vitanda, maji na jiko, kisha aulize mtoto anayekohoa wiki mbili hupelekwa wapi.

Mwaka 1847 Charlotte, kwa jina la bandia la Currer Bell, aliiweka shule ile ndani ya Jane Eyre kwa jina la Lowood. Walioijua waliitambua, na watetezi wa mwanzilishi wake wakakasirika.

Nyumbani Haworth hali haikuwa nafuu. Baba yake alidai maji safi kwa miaka, hadi mkaguzi wa serikali akaja. Ripoti ya 1850 ilionyesha wastani wa umri wa kufa pale ni miaka 25 na ushei.

Charlotte alifariki Machi 31, 1855, mjamzito, akiwa na miaka 38. Baba aliishi hadi 1861, akiwa amefiwa na watoto wake wote sita.