JAJI MKUU BENEDICTO KIWANUKA

Tutajuaje kama mahakama za nchi ziko huru kweli? Wengine watasema tusome katiba. Mimi naona hiyo haitoshi. Hebu tutazame maisha ya Mganda mmoja, marehemu Benedicto Kiwanuka.

Alizaliwa mwaka wa 1922 huko Masaka. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa askari wa King's African Rifles. Baadaye alisomea sheria London, akarejea 1956 akiwa wakili. Chama chake, Democratic Party, kilishinda uchaguzi wa 1961, naye akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda kabla ya uhuru. Lakini Aprili 1962 alishindwa, Milton Obote akashika usukani. Mwaka wa 1969 serikali ya Obote ilimtia kizuizini.

Januari 1971 Idi Amin aliipindua serikali hiyo, akamfungulia Kiwanuka, na mwaka huo huo akamteua Jaji Mkuu. Alikuwa Mganda wa kwanza kushika cheo hicho. Basi, mtu angedhani atalipa fadhila. Wapi! Septemba 1972 ilimfikia kesi ya Daniel Stewart, Mwingereza aliyezuiliwa na wanajeshi. Kiwanuka aliamua kwamba jeshi halina mamlaka ya kukamata watu hivyo, akaamuru aachiliwe.

Tarehe 21 mwezi huo, watu wenye silaha walimtoa ofisini mwake katika Mahakama Kuu, Kampala. Hakurudi tena, na mwili wake haujapatikana.

Jamani, Mahakama Kuu ilikuwepo, na majoho yalivaliwa. Kilichokosekana ni usalama wa jaji aliyewaambia wakubwa kuwa wamekosea. Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: serikali ikishindwa kesi, je, amri inatiiwa? Na jaji je, anabaki na kazi yake na uhai wake? Hata hapa Kenya, mwaka wa 1988 Bunge liliwaondolea majaji ulinzi wa kazi zao, likaurudisha 1990. Jaji anayeweza kufutwa ovyo atahukumu huku anatazama mlango.

Siku hizi mahakama za Uganda humkumbuka Kiwanuka kwa mhadhara wenye jina lake. Ni heshima nzuri, lakini heshima kubwa zaidi ni kutii amri za majaji walio hai.