Al-Biruni na Hesabu ya Vyumba 64

Marehemu baba yangu alikuwa hodari wa sataranji. Katika maradhi yake ya mwisho aliniuliza swali moja: mtu akiweka punje moja ya ngano katika chumba cha kwanza cha ubao, mbili katika cha pili, nne katika cha tatu, akazidisha hivyo maradufu hadi chumba cha 64, jumla itakuwa ngapi? Nilimwomba apumzike, kwani niliona huo si wakati wa hesabu. Hakuniuliza tena.

Kumbe jawabu lilikuwapo tangu zamani. Alilieleza Abu Rayhan al-Biruni, mwanachuoni aliyezaliwa mwaka 973 mjini Kath, nchi ya Khwarazm, mahali palipo leo katika Uzbekistan. Alikuwa bado kijana alipoandika Al-Athar al-Baqiya, kitabu cha kalenda na tarehe za mataifa, na humo akaitia hesabu hii.

Njia yake ni nyepesi. Vyumba vitatu vya mwanzo vina 1, 2 na 4, jumla 7. Cha nne kina 8. Ndivyo ilivyo daima: jumla ya vyumba hupungua moja tu kwa chumba kinachofuata. Basi yatosha kukijua chumba cha 65, lau kingalikuwapo, kisha utoe moja. Chumba cha tano kina 16. Kumi na sita mara 16 ni 256, ndicho cha tisa; 256 mara 256 ni 65,536, ndicho cha 17. Zidisha vivyo hivyo mara mbili tena, umefika cha 65. Ukitoa moja hubaki 18,446,744,073,709,551,615. Ni hesabu ya witiri, nayo hugawika sawasawa kwa 3, kwa 5, kwa 17 na kwa 257.

Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarazm, akamchukua al-Biruni hadi kwake. Ugeni haukumvunja moyo. Aliingia Bara Hindi, akajifunza Kisanskriti, akaandika kitabu kikubwa juu ya Wahindi. Na penye ngome ya Nandana akaupima ukubwa wa dunia kwa msaada wa mlima mmoja.

Alifia Ghazna, umri wake umepita miaka 70. Inasimuliwa kwamba akiwa katika kukata roho alimwuliza fakihi aliyekuja kumzuru mas-ala ya mirathi. Fakihi alimwonea huruma, akasita. Al-Biruni akamfahamisha kuwa ni heri kuiaga dunia akiwa anajua kuliko akiwa hajui. Basi akaelezwa. Fakihi alipotoka, hajafika mbali, akasikia kilio nyumbani.

Nilipokisoma kisa hicho nilifunga kitabu. Fakihi yule alijibu, mimi sikujibu. Jumla ile nimeiandika hapa, tarakimu zote 20, na wewe msomaji, mgonjwa wako akikuuliza jambo, usimwambie alale. Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili.