Fridtjof Nansen, baba wa karatasi ya mkimbizi

Sisi tuliovuka Ziwa Tanganyika kurudi Fizi tunajua mambo mawili: kungoja siku nyingi bila kujua mwisho wake, na kuulizwa karatasi ambayo huna. Safari hii tunaeleza maisha ya mtu aliyeishi jambo la kwanza, kisha akatafutia wengine dawa ya la pili.

Nansen alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1861, karibu na mji ambao leo unaitwa Oslo, kule Norwei. Alisomea mambo ya wanyama. Mwaka 1888, yeye na wenzake 5 walivuka Greenland juu ya barafu. Mwaka 1893 akapanda meli yake Fram, akaiacha makusudi ishikwe na barafu, ili imsogeze kwenye ncha ya kaskazini ya dunia. Alipoona haitamfikisha, mwezi Machi 1895 alishuka na mwenzake Hjalmar Johansen, wakaenda na mbwa. Ncha hawakuifikia. Wakiwa njiani kurudi, baridi iliwazuia kwenye kisiwa kisicho na mtu.

Hapo ndipo tunapata somo. Karibu miezi 9 walikaa kisiwani, na baridi ilipozidi waliishi ndani ya shimo walilozungushia mawe na kufunika kwa ngozi za wanyama wa bahari. Chakula kilikuwa nyama ya dubu: asubuhi ya kuchemsha, magaribi ya kukaanga. Jua lilipotea kwa miezi. Walilala ndani ya mfuko mmoja juu ya kutafuta joto. Lakini Noeli ilipofika, walifanya sikukuu. Johansen aligeuza shati lake, ndani ikawa nje. Nansen naye la chini akalivaa juu. Ndiyo nguo mpya ya Noeli! Walikuwa wanaongea juu ya duka lenye nguo safi, ao kuoga maji ya moto, na kuongea tu kuliwafurahisha. Mpaka wakati ule walikuwa wanaitana kwa cheo, kama chefu na mtu wake wa kazi. Inasemekana usiku wa Mwaka Mpya ndipo walianza kuitana kama ndugu. Juni 1896 walikutana na Mwingereza Frederick Jackson, wakapona. Walipopimwa, kumbe walikuwa wamenenepa.

Kisha vita ya 1914-1918, Ushirika wa Mataifa, ule uliotangulia ONU, ulimpa Nansen kazi ya kurudisha wafungwa wa vita kwao. Watu zaidi ya 400 000 walirudi. Alitafuta pia chakula kwa wenye njaa kule Urusi. Wakimbizi Warusi hawakuwa na nchi ya kuwaandikia kitu chochote. Mwaka 1922 akawatolea karatasi yenye jina la mwenyewe, ndiyo ile pasipoti ya Nansen. Serikali zaidi ya 50 ziliikubali. Mwaka ule ule alipata Tuzo ya Nobel ya Amani, na pesa zake akazitoa kwa kusaidia wenye shida. Alifariki tarehe 13 Mei 1930.

Jina lake halikufa. HCR inatoa tuzo yenye jina la Nansen, na mwaka 2013 ilifika hapa kwetu Congo. Aliyeipata ni masere Angélique Namaika wa Dungu, aliyekuwa anazunguka na kinga kutafuta wamama na wasichana waliokimbia vita, awafundishe kusoma, kushona na kupika mikate.

Sisi tunaona hivi: tumaini halingoji siku vita itaisha kabisa ao siku shamba la baba litarudishwa. Linashikwa na vitu vidogo: shati lililogeuzwa, jina la ndugu, mkate, karatasi. Kwa sababu hiyo, mwanachama anayejua jirani mwenye mtoto aliyezaliwa kambini na hana karatasi ya kuzaliwa, amlete kwenye mkutano wetu. Tutamsindikiza kwa miguu mpaka ofisini, asiende peke yake. Na wewe rafiki unayetuma msaada toka mbali, ujue mara nyingi pesa yako inakuwa kitu kidogo namna hiyo. Kwetu si kidogo.