Alexander Bain, Fundi wa Saa Aliyeanzisha Njia ya Skana

Kila mwanafunzi anayemaliza masomo hufika siku moja mahali penye skana, cheti mkononi. Karatasi hulazwa juu ya kioo, kifuniko hufungwa, mwanga hupita chini yake polepole, na mara nakala ya cheti imo ndani ya kompyuta. Wengi hudhani kwamba jambo hili ni la siku hizi tu. Kumbe wazo lake la kwanza lilitoka kwa mtoto wa mkulima maskini, aliyezaliwa zaidi ya miaka 200 iliyopita.

Alexander Bain alizaliwa mwaka 1810 huko Watten, katika wilaya ya Caithness, kaskazini kabisa mwa Uskoti. Baba yake alikuwa na shamba dogo na watoto wengi. Wakati wa kiangazi kijana huyu alichunga kondoo, na wakati wa baridi alikwenda shule, wala huko hakuonekana kuwa hodari. Lakini alipenda mno saa, basi akapelekwa kwa fundi wa saa katika mji wa Wick ili ajifunze kazi.

Mnamo Januari 1830 alipata habari kwamba katika mji wa Thurso kutakuwa na mhadhara juu ya mwanga, joto na umeme. Bain alishika njia kwa miguu, maili nyingi katika baridi kali, akaenda kusikiliza. Tangu siku ile umeme haukumtoka akilini. Mwaka 1837 akahamia London, akafanya kazi ya saa mchana, na kazi ilipokwisha akaenda kusikiliza mihadhara ya wataalamu.

Mwaka 1840 alikuwa amekwisha tunga saa iendeshwayo kwa umeme, lakini fedha za kuitengeneza hakuwa nazo. Akapelekwa kwa Charles Wheatstone, mtaalamu mkubwa wa simu ya waya, akamwonyesha kazi yake. Wheatstone alimwambia asijisumbue nayo. Baada ya miezi michache, mtaalamu huyo alionyesha saa ya umeme mbele ya wenye elimu wa London, akasema ni yake mwenyewe. Kwa bahati, Bain alikuwa amekwisha peleka maombi ya hataza, yaani hati ya serikali ya kumlinda mvumbuzi. Alipata hati yake mwaka 1841, na Wheatstone alishindwa kumzuia. Miaka mitano baadaye shauri lilifika mbele ya Bunge la Uingereza, na kampuni ya simu ikalazimika kumlipa Bain maelfu ya pauni.

Katika hataza nyingine ya mwaka 1843 ndimo lilimo wazo la skana. Bain alijiuliza: je, waya mmoja waweza kupeleka sura ya maandishi, ikiwa umeme unapita au haupiti tu? Jibu alilipata katika kazi yake ya saa. Alichukua pendulamu mbili, yaani zile fimbo zenye uzito ambazo huyumba ndani ya saa za ukutani, akaweka moja kila upande wa waya, zikiyumba kwa mwendo mmoja. Upande wa kupeleka palikuwa na fremu iliyojaa ncha za nyaya fupi, na nyuma yake herufi za madini. Pendulamu ilipopita juu ya ncha iliyogusana na herufi, umeme ulipita, penginepo haukupita. Kila ilipoyumba, fremu ilishuka kidogo, na mstari mwingine ukaanza. Upande wa kupokea palikuwa na karatasi iliyoloweshwa dawa, na kila umeme ulipopita karatasi ilibadilika rangi. Hivyo mstari baada ya mstari sura ya herufi ilijichora upya.

Wengine waliendeleza njia hiyo. Frederick Bakewell alitumia ngoma inayozunguka badala ya fremu. Padri Giovanni Caselli wa Italia alitengeneza mtambo ambao tangu mwaka 1865 ulipeleka maandishi na michoro kati ya Paris na Lyon. Na mwaka 1957 wataalamu wa Marekani waliingiza picha ya mtoto mchanga katika kompyuta kwa mara ya kwanza, ikiwa na vidoto 176 kwa 176, yaani 30,976 kwa jumla.

Skana za leo ni za aina mbalimbali. Ile ya kioo, ambayo wengi wetu tunaijua, hupitisha taa chini ya karatasi iliyotulia. Nyingine huvuta karatasi zenyewe, moja baada ya moja. Ya ngoma huzungusha picha iliyobandikwa juu yake, na wapiga chapa waliipenda kwa sababu huona mambo madogo sana. Lakini zote hufanya kazi ileile. Mahali peupe hurudisha mwanga mwingi na mahali peusi hurudisha kidogo. Vipokea mwanga hugeuza mwanga huo kuwa umeme, na umeme hugeuzwa kuwa tarakimu. Mara nyingi husomwa vidoto 300 katika kila inchi, lakini mwendo ni ule wa Bain: mstari, kisha mstari.

Bain mwenyewe hakutajirika. Fedha zake ziliishia katika majaribio na katika mashauri ya mahakamani, Uingereza na Marekani. Uzeeni alirudi kutengeneza saa, hata wenye elimu walipomwombea serikalini akapewa pauni 80 kwa mwaka. Alifariki Januari 1877 katika nyumba ya wagonjwa huko Kirkintilloch, akazikwa hukohuko.

Tukiyatazama maisha yake, twaona kwamba hati haikumpa utajiri, lakini ililinda jina lake. Kama angalichelewa kuipeleka, leo saa ile ingalijulikana kuwa ya mwingine. Basi, ewe mwanafunzi, ukibuni jambo, liandike, liwekee tarehe, ndipo ulionyeshe kwa wakubwa. Na siku utakapolaza cheti chako juu ya kioo kile, mkumbuke mchunga kondoo aliyetembea katika baridi ili asikie habari za umeme.