Mwalimu Nyerere, Mwanafunzi wa Fasihi

Likizo iliyopita mama mmoja wa jumuiya yetu ndogo ndogo, mkulima wa viazi kule Uporoto, alinisimamisha baada ya Misa. Binti yake amechaguliwa kwenda Mkwawa, Iringa, kusomea ualimu, na somo lake kubwa ni fasihi ya Kiingereza. Mama alitaka Frateri amwambie kama kweli kuna faida ya mtoto wa kijijini kukaa miaka mitatu akisoma hadithi za Waingereza. Sikuwa na jibu zuri siku ile. Niliporudi seminarini nikaanza kusoma habari za mtu ambaye sote tunadhani tunamfahamu.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki mwenye wake 22, na mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano. Nyumbani waliongea Kizanaki. Kiswahili alikipata shuleni Mwisenge, Musoma, alikoanza mwaka 1934 akiwa na miaka kama kumi na miwili. Kiingereza kilikuja baadaye, na kikakomaa Tabora kuanzia mwaka 1937. Kwa hiyo kilikuwa lugha yake ya tatu, kama kilivyo kwa Mnyakyusa au Mhehe anayesoma makala hii.

Alibatizwa Desemba 1943 na mwaka huohuo akaingia Makerere kusomea ualimu. Huko aliandika insha iliyopata tuzo ya kwanza katika shindano la uandishi. Alichukua hoja za John Stuart Mill juu ya kukandamizwa kwa wanawake, akazipeleka kwa mwanamke wa Kizanaki. Sisi tunaosoma falsafa tunamjua Mill kwa ajili ya mtihani: tunakariri kanuni yake, tunataja udhaifu wake, tunafunga daftari. Kijana huyu wa miaka ishirini na kidogo alimsoma Mwingereza wa karne ya 19 akamwona ndani yake mama yake mzazi, mke wa tano, analima na kulea katika boma la chifu. Kwangu mimi, maisha yake ya msomaji yalianzia pale.

Baada ya Makerere alifundisha shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, chini ya Padre Richard Walsh wa Shirika la Wamisionari wa Afrika. Masomo yake yalikuwa baiolojia na historia. Padre Walsh ndiye aliyemsukuma atafute nafasi Ulaya, na mwaka 1949 akapata ufadhili wa kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti. Ufadhili ule ulikuwa wa sayansi. Tanganyika ilihitaji walimu wa sayansi, na mtu mwenye busara ya kawaida angenyamaza akasoma alichopewa. Nyerere aliomba abadilishiwe asome sanaa.

Alisoma fasihi ya Kiingereza, uchumi, anthropolojia, historia ya Uingereza, historia ya uchumi, sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Idara hii ya mwisho wakati huo ilikuwa chini ya Profesa John Macmurray, aliyefundisha kwamba mtu huwa mtu kamili katika uhusiano wake na wengine. Alihitimu Julai 1952. Shahada yake inaitwa ya uzamili, na wengine hudanganyika hapo, lakini kwa desturi ya vyuo vya kale vya Uskoti hiyo ndiyo shahada ya kwanza ya sanaa. Tena hakuchukua ile ya kubobea somo moja. Alichukua ya kawaida, yenye masomo mengi.

Aliporudi alimwoa Maria Gabriel, akafundisha Pugu, akaongoza TAA na kisha TANU iliyozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Hayo yameandikwa sana, sitayarudia. Mwaka 1955, alipotakiwa achague kati ya ualimu na siasa, aliacha kazi akarudi Uzanaki bila mshahara. Watu wengi hawajui alichofanya huko. Alimfundisha Padre Arthur Wille wa Maryknoll lugha ya Kizanaki na kusaidia kutafsiri katekisimu. Tafsiri yake ya kwanza yenye manufaa kwa watu, basi, haikuwa ya Shakespeare. Msomi wa Edinburgh aliketi na padre Mmarekani wakitafuta neno la Kizanaki la kuelezea neema. Kila katekista anayefundisha kwa Kinyakyusa, Kisafwa au Kihehe anaijua kazi hiyo ilivyo ngumu.

Shakespeare alikuja baadaye, na kwa wakati usiofaa kabisa. Uhuru ulipatikana Desemba 1961, Jamhuri ikatangazwa Desemba 1962, na mwaka 1963 kikatoka kitabu cha tamthiliya ya Juliasi Kaizari kwa Kiswahili, mfasiri Julius K. Nyerere. Nchi changa, hazina tupu, na Rais anatumia usiku wake kupima mistari. Tena tamthiliya aliyochagua ni ya mtawala anayeuawa na marafiki zake kwa madai ya kuikoa nchi. Mwezi Januari 1964 askari wake mwenyewe waliasi, akalazimika kujificha. Sijui msomaji utafikiri nini hapo. Mimi nilifunga kitabu kidogo.

Hakuridhika na kazi ile. Aliisahihisha ikatoka upya mwaka 1969, mwaka uleule wa Mabepari wa Venisi. Kiswahili chetu kilizoea shairi lenye vina na mizani. Yeye aliacha vina, akafuata mwendo wa Kiingereza wa mistari isiyo na vina, na kuna wapenzi wa ushairi ambao hata leo hawaiiti kazi hiyo shairi. Mimi nilisoma Mabepari nikiwa kidato cha tatu, nakala iliyokatika jalada, na kusema kweli nilidhani kimeandikwa na Mswahili kuhusu Waswahili. Yule mkopeshaji anayedai ratili ya nyama ya mtu niliwahi kumwona sokoni.

Jina la kitabu lenyewe linataka tulitazame. Kwa Kiingereza ni mfanyabiashara mmoja tu wa Venisi. Nyerere aliandika mabepari, wengi. Bepari ni neno lililotoka India, na zamani lilimaanisha mchuuzi tu. Lakini miaka miwili kabla lilikuwa limetoka Azimio la Arusha, na baada ya Azimio bepari alikuwa mnyonyaji, adui wa wakulima na wafanyakazi. Mtafsiri alijua anachofanya. Mtu aliyesoma fasihi anajua neno linavyobeba mzigo kuliko lilivyoandikwa kwenye kamusi.

Na hapo sisi wa Iringa tuna la kusema. Isimani miaka ile ilikuwa ghala la mahindi, na wakulima wakubwa wenye matrekta walihesabiwa upande wa mabepari. Tarehe 25 Desemba 1971, sikukuu ya Noeli, Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, msomi na mtetezi mkali wa ujamaa, alikwenda kwenye shamba la Said Mwamwindi. Wakakorofishana. Mwamwindi akampiga risasi, akauchukua mwili kwa gari hadi polisi Iringa mjini. Alihukumiwa kifo akanyongwa, na katika nchi yetu hukumu hiyo haitekelezwi bila idhini ya Rais. Chuo cha Ualimu Klerruu kipo pale Iringa kwa kumbukumbu ya marehemu. Babu yangu mzaa mama alilima Isimani miaka hiyo, ekari chache tu, na mpaka anakufa habari hii aliisimulia kwa sauti ya chini, akiwasikitikia wote wawili.

Simsemi Mwalimu kwamba aliua kwa neno. Ila neno alilolipamba kwenye jalada la kitabu liliwafikia watu wenye majina na watoto, na kule hapakuwa na hakimu mwerevu wa tamthiliya wa kuokoa jahazi mwishoni. Wanaoshughulikia mchakato wa kumtangaza mwenyeheri, ulioanzia Jimbo la Musoma, nadhani wanalazimika kuyapima haya pia, pamoja na Misa zake za kila siku.

Kuna jambo jingine ambalo hata leo linanisumbua nikiwa darasani. Huyu ndiye aliyefanya Kiswahili kuwa lugha ya serikali na ya shule za msingi, na ndiye aliyethibitisha kwa mkono wake kwamba Shakespeare anaweza kukaa ndani yake. Lakini sekondari na vyuo aliviacha kwenye Kiingereza, na mwaka 1984 alikitetea kwa hoja kwamba kwa dunia hii Kiingereza ndicho kinachofanya kazi ya Kiswahili. Labda aliogopa tungejifungia. Matokeo yake ni kwamba mimi namsoma Aristotle kwa Kiingereza, halafu nitawahubiria kwa Kiswahili watu ambao nyumbani wanaongea Kisafwa. Yeye alivivuka vizingiti vyote viwili. Wengi wetu tunakwama kwenye cha kwanza.

Baada ya kung'atuka mwaka 1985 alirudi Butiama, akalima, akaendelea kuandika. Mwaka 1996 Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho walimchapia tenzi za Injili zote nne na Matendo ya Mitume. Safari hii hakufuata Waingereza. Alitumia utenzi, bahari ya wazee wa pwani, mistari mifupi yenye vina, ile ambayo bibi asiyejua kusoma anaweza kuishika akiisikia mara tatu. Mtu aliyeanza na mistari ya Shakespeare isiyo na vina alimalizia na Yesu wa Marko akitembea katika utenzi. Juzuu hizo tunazo maktaba. Kwetu zimepangwa rafu ya Biblia, kwa hiyo wanaotafuta fasihi hawazioni.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama.

Niliporudi Uporoto nilimweleza yule mama karibu yote haya, tukiwa tumekaa juu ya magunia. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama huyo Nyerere naye alisomeshwa kwa viazi. Nikamjibu hapana, kwa ufadhili. Akacheka, akasema basi mwaka huu bei ipande. Binti nimempa nakala yangu ya Mabepari, ile isiyo na jalada.