Shekhar Mehta: mzaliwa wa Kampala aliyetawala barabara za Safari

Mashindano ya magari ya Safari ya mwaka 1973 yalipomalizika, waamuzi walifungua hesabu zao na kukuta jambo lisilo la kawaida. Baada ya maelfu ya kilomita za vumbi, mawe na tope, madereva wawili walikuwa wametozwa dakika za adhabu zilizolingana sawasawa. Mmoja alikuwa Harry Källström wa Sweden. Mwingine alikuwa kijana mwenye asili ya Kihindi, mzaliwa wa Kampala, ambaye familia yake ilikuwa imehamia Kenya miezi michache tu kabla ya hapo. Ililazimu kutumia kanuni ya kuvunja sare, nayo ikampa ushindi kijana huyo, Shekhar Mehta.

Hapa Uganda jina lake hutajwa mara chache siku hizi, ilhali ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya, wapenzi wa magari wa rika la wazazi wetu wangali wakilitaja kana kwamba ni la jana. Maisha yake yanastahili kusimuliwa pia kwa sababu ya pili. Kila wanapokutana watu wanaopenda magari ya mwendo kasi, huzuka ubishi kuhusu gari lipi ni bora, na ni madereva wachache waliowahi kuutolea ubishi huo ushahidi mzuri kama alioutoa Mehta.

Alizaliwa tarehe 20 Juni mwaka 1945 katika familia tajiri ya wenye mashamba. Aliingia katika mashindano ya magari akiwa na umri wa miaka 21, akiendesha BMW, kama walivyofanya vijana wengi wa Afrika Mashariki wa wakati ule waliokuwa na uwezo: kwa kujifurahisha, bila mshahara wa kampuni yoyote. Michezo ya namna hiyo bado ipo katika vilabu vya eneo letu. Katika autokrosi, kwa mfano, magari huzunguka mmoja mmoja kwenye njia fupi iliyopangwa uwanjani, na saa ndiyo mwamuzi. Huko gari la michezo lililo jepesi na fupi huwa na faida kubwa, kwa kuwa hugeuka upesi, hushika breki vizuri na halihitaji kudumu zaidi ya dakika chache. Likiharibika, mwenyewe hulikokota hadi nyumbani.

Safari ilikuwa kitu kingine kabisa. Ilianzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi ilifanyika majira ya Pasaka, wakati mvua za masika zinapogeuza barabara kuwa mifereji. Kila kituo kilikuwa na muda wake wa kufika, na aliyechelewa alitozwa dakika alizochelewa. Barabara hazikufungwa. Dereva angeweza kukutana na basi, ng'ombe au lori lililokwama, na hesabu iliendelea palepale. Ndiyo maana orodha ya washindi wa miaka ya mwanzo ilijaa magari ya familia: Volkswagen, Mercedes, Ford Cortina, Volvo na Peugeot 404.

Mwaka 1971 kampuni ya Datsun ilikuja na jambo jipya, gari la 240Z. Hili lilikuwa gari la michezo halisi, lenye viti viwili, boneti ndefu, injini ya lita 2.4 yenye silinda sita zilizopangwa kwa mstari, na magurudumu ya nyuma yanayosukuma. Kila gurudumu lilikuwa na springi na shokapu yake iliyofanya kazi peke yake. Kwenye tambarare ndefu, injini ile ilivuta kwa nguvu ambayo magari mengi ya saluni hayakuwa nayo. Kasoro zake nazo zilionekana. Dereva aliketi nyuma sana, karibu na ekseli, na boneti ilimficha ardhi iliyo mbele ya magurudumu hasa gari lilipopanda kilima. Tena nafasi ilikuwa finyu, na katika Safari nafasi ni uhai, kwa sababu tairi za akiba, jeki, maji na vifaa vyote lazima viingie humo humo. Hata hivyo Edgar Herrmann alishinda mwaka ule akiwa na 240Z, na Mehta akamfuata wa pili akiwa na gari kama hilo. Alikuwa hajatimiza miaka 26.

Kisha ukaja mwaka 1972. Mwezi Agosti, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda na kuwapa siku 90. Maelfu ya watu waliacha nyumba, maduka, viwanda na mashamba, na familia ya Mehta ilikuwa miongoni mwa waliokwenda kuanza upya, wao wakielekea Kenya. Tangu hapo Shekhar Mehta alishindana akiwa Mkenya.

Kwa hiyo alipoketi ndani ya 240Z mwezi Aprili 1973, pamoja na msomaji ramani wake Lofty Drews, alikuwa mtu aliyepoteza nchi aliyozaliwa si muda mrefu uliopita. Mwaka huo Safari ilihesabiwa kwa mara ya kwanza katika ubingwa wa dunia wa mashindano ya magari, ulioanzishwa msimu uleule. Källström, mwenzake katika timu ya Datsun, hakuwa na gari la michezo. Alipewa 1800 SSS, gari lililotokana na muundo wa kawaida wa familia, lenye silinda nne na injini ndogo kuliko ile ya 240Z.

Hebu msikilizaji alipime jambo hili. Kampuni moja, barabara moja, mvua moja, mafundi walewale, na madereva wawili wa daraja la juu. Mmoja ana silinda sita na umbo la mshale, mwingine ana gari ambalo mwalimu mkuu au daktari wa wilaya angeweza kulinunua kwa kwenda kazini. Mwisho wa safari yote wanatoka sare, dakika kwa dakika. Anayetaka kujua thamani ya gari la michezo kwenye barabara mbaya hatapata kipimo kilicho wazi kuliko hicho. Faida ambayo 240Z ilipata kwenye tambarare, ile 1800 SSS iliirudisha kwingineko, na mizani ikasimama katikati. Hapo jina la Mehta liliandikwa juu, na 240Z haikushinda Safari tena.

Miaka mitano iliyofuata haikumpa ushindi. Joginder Singh, bingwa mwingine wa Kenya, alishinda mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Colt Lancer, gari dogo la saluni. Ove Andersson alishinda kwa Peugeot 504 mwaka 1975, Björn Waldegård kwa Ford Escort mwaka 1977, na Jean-Pierre Nicolas akarudi na Peugeot mwaka 1978.

Mwaka 1979 ndipo Mehta alipoingia katika kipindi ambacho, kwa maoni ya mwandishi huyu, kinamweleza vizuri zaidi kuliko ule ushindi wa kwanza. Safari hii hakuwa na gari la kuvutia macho. Datsun ilimpa 160J, saluni ya silinda nne yenye umbo la sanduku, ekseli ngumu nyuma, na muundo ambao fundi angeweza kuufungua na kuufunga kando ya barabara gizani. Mpinzani wake mkubwa, Hannu Mikkola wa Finland, alikuja na Mercedes-Benz 450 SLC, gari la kifahari la milango miwili lenye injini ya silinda nane na lita 5, pamoja na gia zinazojibadilisha zenyewe. Kwa nguvu, magari hayo mawili hayakupaswa kutajwa katika sentensi moja. Mehta, akiwa na msomaji ramani Mike Doughty, alimaliza wa kwanza. Mikkola alikuwa wa pili.

Siri yake haikuwa kukanyaga mafuta kuliko wengine. Alisifika kwa kuzijua barabara, kwa maandalizi ya kina, na kwa kulihurumia gari pale ambapo wengine walilivunja. Gari zito lenye nguvu hulipa deni lake kwenye tairi, springi na breki. Gari jepesi husamehewa mengi. Mwaka 1980 alishinda tena kwa 160J, na Mercedes ya Vic Preston Mdogo ikawa ya tatu. Mwaka 1981 na 1982 alishinda kwa Violet GT, ndugu wa 160J aliyeongezewa nguvu. Ushindi wa mara nne mfululizo, na mara tano kwa jumla: hakuna dereva mwingine aliyefikisha hesabu hiyo wakati Safari ikiwa sehemu ya ubingwa wa dunia. Katika msimu wa 1981 alimaliza wa tano duniani.

Baadaye magari yalibadilika. Ukaja wakati wa turbo na wa magurudumu yote manne kusukuma, naye akaendesha Peugeot 205 Turbo 16, ambayo injini yake ilikaa nyuma ya dereva. Mara kadhaa msomaji ramani wake alikuwa mkewe, Yvonne. Mwaka 1987, katika mashindano ya Mafarao nchini Misri, alipata ajali mbaya iliyokaribia kumuua na iliyokatisha maisha yake ya udereva.

Hakuuacha mchezo. Aliingia katika uongozi wa shirikisho la kimataifa la magari, FIA, akawa rais wa tume yake ya mashindano ya barabarani, kazi iliyomfanya aketi mezani na watu aliowahi kukimbizana nao vumbini.

Shekhar Mehta alifariki dunia mjini London tarehe 12 Aprili mwaka 2006, akiwa na umri wa miaka 60. Wakati huo Safari ilikuwa imeondolewa kwenye kalenda ya ubingwa wa dunia tangu ile ya mwaka 2002. Ilirejea nchini Kenya mwaka 2021, miaka 15 baada ya kifo chake.